Kipepeo wa Shimo la Ndizi

Harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi huwafukuza wengine jikoni. Mimi hunirudisha Ngara, nyuma ya nyumba yetu, na hadi mwezi uliopita ilinirudisha nikiwa na woga kidogo. Ngoja niwaeleze.

Nilikuwa na miaka kumi. Dada yangu Donata, aliyekuwa akifundisha Biharamulo, alikuja nyumbani kwa ajili ya wageni wa mahari waliokuwa wafike Jumamosi kutoka Nyarubungo. Alikuja na simu yenye kamera, ya kwanza kuingia kwetu, akaniazima ili nisimsumbue. Nikaamua kupiga picha vipepeo. Siku mbili nilitambaa kwenye maua ya mama, magoti yakawa mekundu kwa udongo, nikapata picha kumi na moja za maua matupu. Vipepeo wa kwetu hawana adabu. Ukiwakaribia tu, hao, wameshahamia kwenye maharage.

Niliyemtaka hasa alikuwa mmoja mkubwa, wa kahawia, mwenye mikia miwili. Huyo maua hakuyajali kabisa. Alikuwa akizunguka juu ya shimo la ndizi.

Kwetu ndizi za pombe huvundikwa. Shimo hutandikwa majani ya migomba, mikungu hupangwa humo, kisha hufunikwa kwa majani na udongo ili joto lisitoke kwa siku nne. Baba alilifunika Jumapili, akatuonya kwamba atakayelifunua atawaeleza wageni mwenyewe. Hakuwa akitania. Wageni wa mahari hawatamki shida yao mpaka pombe iwekwe mbele yao, na joto likitoka, ndizi hubaki ngumu, hazikamuliki. Kwa akili yangu ya kitoto, ndoa ya Donata ilikuwa imelala mle shimoni.

Jumanne mchana nikalifunua. Kona moja tu, nilijiambia, lakini kona ikawa nusu ya shimo. Mvuke mtamu ukanipiga usoni. Kipepeo akashuka, akatua juu ya ndizi, akafungua mabawa. Nikapiga picha sita bila kupumua. Mara Donata akaniita, anataka simu yake, nikakimbia kumwonyesha, na furaha ikanisahaulisha kila kitu.

Nilikumbuka jua likizama, uji ukiwa mdomoni. Nikarudi mbio shimoni. Shimo lilikuwa limefunikwa! Majani yamepangwa, udongo umeshindiliwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Baba alikuwa Lukole tangu asubuhi, akitafuta mtama wa kuchachushia. Nikabaki na jibu moja tu, malaika wangu mlinzi, yule wa katekisimu.

Siku mbili nzima nilimsumbua malaika huyo kwa sala. Alhamisi baba alipofukua, nilijificha nyuma ya mama na kufumba macho.

"Zimeiva," baba akasema.

Nilishusha pumzi kwa nguvu hadi mama akageuka kunitazama, kisha akaenda zake kuchukua kisu cha kumenyea. Jumamosi wageni wakainamia mirija, wakasema shida yao, na Donata akaolewa.

Mwezi uliopita Donata aliipata kadi ya ile simu ya zamani, akanitumia picha. Siku ile, kwenye kioo kidogo, nilikuwa nimemwona kipepeo peke yake. Sasa, katika picha ya nne, nyuma ya mabawa, kuna pindo la kitenge cha kijani na mguu wenye kidole gumba kilichopinda, kile ambacho mama alijikata kwa jembe. Katika picha ya sita mguu uko palepale. Malaika wangu alikuwa na nyufa kisiginoni na tope la shambani. Nilicheka, halafu nikalia kidogo, na ule woga wa miaka yote ukanitoka.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilipomweleza alicheka mno. Mama niliyemjua mimi alichapa kwanza, akauliza baadaye, na nilidhani macho yake hayaoni kitu ila kazi. Nikamuuliza kwa nini siku ile alisimama tu, asiniite anikomeshe.

"Ningekuita," akasema, "kipepeo angeruka."