Wageni Wasimame

Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu kanisani. Zamani nilikuwa nambeba mgongoni, analala misa nzima. Sasa ana miguu na ana mdomo. Tulipofika mlangoni akanishika kitenge: "Mama, mule ndani banafanyaka nini?" Nikafungua mdomo nimjibu, na maneno yaliyotoka hayakuwa yangu. Yalikuwa ya jirani yetu wa kijijini Mbau, vilevile alivyoniambia mimi mlangoni mwa kanisa la zamani la hapo wakati wa vita: "Bakisimama, simama. Bakipiga magoti, piga. Usigeukegeuke. Na bakikuuliza jina, sema kwa nguvu, mama yako asikie."

Ngoja nikuelezee, rafiki yangu, maana huenda wewe ulizaliwa ukapelekwa kubatizwa, kanisa likawa kwako kama jiko la nyumbani. Mimi hapana. Kule Mbau, tangu nipate akili, kanisa letu dogo lilikuwa la askari. Walilala ndani, walipika ndani, walianika suruali zao kwenye msalaba wa nje. Mama akinituma maji alinionya: pita nyuma, kwenye migomba, usipite kanisani. Donc, basi, nilijua kanisa ni mahali pa kukwepa. Kusali tulisali nyumbani, kwa sauti ndogo, sufuria ya maharage ikichemka pembeni.

Siku risasi zilipoanza, mama alikuwa shambani. Jirani alinikamata mkono, tukakimbia na watu wengine. Nilimwambia tumngojee mama. Akasema mama atakuja nyuma. Tukapita Mavivi, tukapita Beni, njia yote nikiangalia nyuma mpaka shingo ikauma. Butembo tulipokelewa na dada wa jirani, katika nyumba iliyojaa watu waliokimbia kama sisi.

Butembo ilikuwa baridi. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni, na moshi wa mikaratusi ulishika nguo, nywele, hata bugali. Niliteka maji, nikatwanga sombe, yale majani ya muhogo, nikaosha vyombo vya watu nisiowajua. Hakuna aliyenipiga. Hakuna pia aliyeniuliza kitu. Nyumba imejaa hivyo, na mimi nilikuwa peke yangu kama kuku aliyenunuliwa sokoni jana.

Ndipo jirani akasema: Jumapili tunakwenda kanisani, kule wanatangaza waliopotea. Hakusema tunakwenda kusali. Nilimpenda kwa hilo.

Siku ile ya kwanza niliogopa sana. Kengele ilikuwa jante, chuma cha gurudumu la lori, imetundikwa mtini, na ilipogongwa nilijificha nyuma ya sketi yake. Ndani nilitafuta bunduki kwa macho, hakuna. Wanaume upande ule, wamama upande huu, mabenchi bila mgongo, sakafu ya udongo iliyonyunyiziwa maji. Ngoma ikalia. Kisha wamama wakaanza kwenda mbele wakicheza polepole, na ndizi kichwani, na maharage kwenye vikapu. Mmoja alibeba kuku, na kuku yule alimjibu padri misa yote. Baadaye watu wakapanga mstari. Mimi nikapanga pia, nikakinga viganja vyote viwili, maana kila mstari niliokuwa naujua ulikuwa wa unga. Jirani akanivuta kola. "We! Ile si ya kushiba!" Mama wa nyuma yetu akacheka mpaka akafunika mdomo na kitenge.

Mwishoni akasimama mkatekista, mzee mwenye koti refu na sauti ya kuitia watu mlima wa pili. "Bageni basimame, tubaone!"

Jirani akanisukuma. Nikasimama juu ya benchi.

"Weye ni mutoto wa nani?"

Nikasema jina langu. Nikasema jina la mama. Nikasema Mbau, alikuwa kwenye shamba la maharage. Mkatekista akarudia yote kwa sauti yake kubwa, neno kwa neno, akauliza: "Nani amemuona mama huyu?" Kisha akasema tumpigie mgeni wetu makofi, wakapiga, nami nikatazama sura za wamama wote, mmoja mmoja, mpaka nikaambiwa nikae.

Basi kila Jumapili ikawa hivyo. Nilijifunza kuimba, nilijifunza kupiga magoti, lakini nilichokuwa nangojea ni dakika ile tu. Nilivaa blauzi nyekundu niliyokimbia nayo, aliyoishona mama kwa mkono, mshono wa bega umepinda. Jumamosi niliifua mwenyewe. Ilianza kunibana kwapani, nikakataa nyingine. Mama angenijuaje katika nguo ya watu? Watu wapya walitoka Beni, walitoka Oicha, na mimi nilinyoosha shingo wanione vizuri. Wiki yote nilikuwa mtu wa kuosha sufuria. Jumapili nilikuwa mtoto wa mama yangu, jina lake linasikika kanisa zima.

Halafu wakanifanyia wema.

Wamama wa shirika letu, yaani lile kundi la majirani wanaosali pamoja wiki nzima, walikata kitenge chao cha parokia wakanishonea gauni. Wakanivisha wao wenyewe, wakanipaka mafuta. Blauzi yangu sikuiona tena. Nyumba ile ilikuwa na watoto wachanga wengi na kitambaa hakikutupwa, kilikatwa nepi. Kanisani mkatekista akaita wageni. Mimi nikasimama. Akacheka kwa upole, yule mzee, akasema: "Hapana, mutoto. Weye hauko tena mugeni. Uko mutoto wetu. Kaa."

Yakapigwa makofi ambayo sijawahi kuyasikia tena. Vigelegele, ngoma, watu wakageuka kunitazama wakitabasamu. Jirani alilia kwa furaha. Na mimi nilikaa, kwa sababu niliambiwa nikae, na nikaelewa kwamba hakuna atakayeuliza tena nani amemuona mama.

Hakuna aliyeuliza. Jumapili iliyofuata alisimama mtoto mwingine.

Nina hasira. Nina hasira na walioleta bunduki Mbau, hiyo haihitaji maelezo. Mais, hata hivyo, nina hasira pia na makofi yale, na usiniambie walikuwa watu wazuri, najua walikuwa watu wazuri. Walinilisha, walinisomesha mpaka sekondari. Walinipokea, wakafunga mlango nyuma yangu, na mama yangu akabaki nje.

Leo kanisa lile halipo. Limejengwa jingine la matofali, sakafu ya saruji, spika ukutani. Jante iliondolewa. Mzee wa koti refu alikufa, jirani alikufa, na wamama walionishonea gauni wamebaki wachache, hawaoni vizuri. Mtu anayekumbuka sauti ya mama yangu akiniita kutoka shambani simjui. Mimi mwenyewe nimeanza kuikosea.

Lakini Jumapili iliyopita mkatekista kijana akashika mikro: "Bageni basimame, tubaone." Nyuma wakasimama watu wenye mabunda, unajua wanatoka upande gani. Na mimi nikasimama.

"We mama, kaa!" akanong'ona mama wa shirika, akinivuta kitenge. "Weye uko wa hapa!" Watu wakaanza kucheka.

Binti yangu akanitazama. "Mama, tuko bageni?"

"Simama na weye," nikamwambia.

Mkatekista hakujua afanye nini. Akauliza, nusu mzaha: "Mama, unatoka wapi?"

Nikasema Mbau. Nikasema jina langu. Kisha nikasema jina la mama yangu, kwa nguvu, na shamba la maharage.

Hakuna aliyepiga makofi.