Daftari la Bi Kalamu

Huyu Bi Kalamu, jamani, msimwone vile. Kimo chake ni cha kupanda stuli ndipo aufikie ubao, lakini akikohoa tu, darasa zima kimya! Muulizeni msusi wa saluni ya pale kona, maana yalimkuta yeye.

Msusi aliacha shule akibakiza mwaka mmoja, akamuuguza mama yake. Mama akafariki, wadogo zake wawili wakabaki mikononi mwake, naye akashika kitana. Ukapita mwaka na ushei. Siku moja, Bi Kalamu huyo, kajitupa kwenye kiti cha saluni.

"Shikamoo, mwalimu. Nikusuke nini na nywele zenyewe hizi?"

"Marahaba. Nywele ziache. Soma hapa."

Akamfungulia daftari la mahudhurio. Jina la msusi bado limo, halijakatwa. Kila asubuhi Bi Kalamu aliliita, akawauliza wenzake yuko wapi, akaandika walivyojibu. Anauguza. Anauguza. Amefiwa. Saluni. Saluni. Kurasa na kurasa! Kumbe muda wote ule alikuwa anaitwa! Msusi alilia mpaka mteja aliyesukwa nusu kichwa naye akalia, bila kujua kisa.

Jumatatu akarudi darasani, saluni akaiachia jioni. Akamaliza. Wadogo zake wakaenda kwa shangazi, yeye akaenda chuo.

Chuo sasa! Mtihani wa kwanza wa hesabu, sita kwa mia. Akaona yamemfika shingoni. Asubuhi akafunga begi, huyo, stendi. Simu ikalia.

"Uko wapi?" Ni Bi Kalamu.

Alitaka kudanganya, akashindwa. "Stendi, mwalimu. Narudi nyumbani."

Akangoja kugombezwa. Badala yake akasikia karatasi ikifunuliwa, kalamu ikikwaruza.

"Haya, nimeandika. Kesho nitauliza tena." Simu ikakatwa.

Msusi akabaki ameishika simu. Yaani yule mama, na wanafunzi wapya arobaini mbele yake, bado anaita jina la mtu aliyekwisha maliza? Ni mtu wa namna gani huyu? Konda akamwita mara mbili, basi likaondoka. Akabeba begi lake, akarudi chuoni.

Kesho yake hakungoja kupigiwa.

"Mwalimu, andika: darasani."

"Nilishaandika," Bi Kalamu akamjibu. "Jana, uliponiambia uko stendi."