Arusi ya Dada kwa Saa Moja

Dada yangu alipoolewa hapa Garissa, arusi ilirekodiwa kwa simu nne, na kila mwenye simu alijiona mpiga picha wa ikulu. Video zote nikakabidhiwa mimi, maana ndimi mwenye kompyuta, na kwetu mwenye kompyuta ni fundi, apende asipende.

Eeddo, dada wa marehemu baba, hakuhudhuria. Alikuwa kijijini kwake Diff, amevunjika mguu. Aliagiza apelekewe arusi kwenye flashi, akatoa onyo: televisheni ya jirani yake inatumia betri ya sola, na betri ile huzimika baada ya saa moja. Mimi nilikuwa na saa saba za video, faili zake zimeitwa kwa tarakimu ndefu zisizo na maana.

Programu ya kwanza niliyopakua ilikuwa na vitufe vingi hata niliogopa kugusa. Nilikata kipande kimoja tu, sauti ikaachana na picha: abti, kaka yake mama, akafumbua kinywa aombe dua, vikatoka vigelegele vya wanawake. Nikaifuta. Ya pili ilikata vizuri, kisha ikabandika jina lake kwa herufi nene kwenye paji la uso wa bibi arusi, akafanana na gunia la sukari.

Mwenzangu wa ofisini aliniona nikihangaika mchana.

"Kwani unatengeneza sinema?" akaniuliza.

"Nataka kukata na kupanga tu."

"Basi tafuta yenye mkasi, achana na mbwembwe."

Akanionyesha anayotumia yeye kwa video za watoto wake. Unachagua mwanzo, unachagua mwisho, unabonyeza mkasi, basi. Nikafungua folda nne: Kuwasili, Nikaha, Chakula na Takataka.

Mama alikuwa amekuja kutoka Kotile. Baada ya swala ya alasiri nikamkalisha mkekani akague kazi. Nilikuwa nimemwachia abti hotuba yake nzima, kwa heshima.

"Huyu mtoe," mama akasema.

"Hooyo, ni abti!"

"Ni kaka yangu, namjua. Betri itaisha yeye bado anasalimia. Mtoe."

Nikampunguza abti hadi salamu na amina. Mama akaona folda ya Takataka. "Na hii nyeusi ni nini?"

Mtu alikuwa amesahau kuzima simu, akaitia mkobani. Giza tupu. Nilikuwa sijaisikiliza. Nilipobonyeza, tukasikia sauti ya mama mwenyewe, akimfukiza dada uunsi, ule ubani wa maarusi:

"Mume akikuudhi, kwanza kula. Ukishiba, kunywa chai. Ikiwa bado una hasira baada ya chai, hapo ndipo useme."

Kisha dada akacheka, halafu wote wawili wakalia.

Mama akajifunika uso kwa shashi yake ya kichwani. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

"Acha," akasema. "Mpelekee."

"Lakini hakionekani kitu, Hooyo."

"Eeddo yako ana masikio."

Flashi ikaenda na gari la mizigo. Siku tatu baadaye eeddo akapiga simu. Sikupata hata nafasi ya kumuuliza habari za mguu.

"Ile ya giza tumeirudia mara nne," akasema. "Arusi hatukuimaliza, betri imekufa kwenye wali. Mwambie mama yako maneno yale ni yangu! Mimi ndiye niliyemwambia siku alipoolewa na kaka yangu. Ameyatoa kama yake, hata jina langu hakulitaja!"

Nilikuwa nimeweka spika, na mama alikuwa pale pale akichambua mchele. Akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Ni kweli, ni yako," akajibu kwa sauti. "Lakini mimi sikuyafuata hata siku moja. Nilikuwa nasema kwanza, ndipo nile."

Upande wa pili eeddo akasema, "Tulikusikia, wifi. Boma zima tulikusikia."