Mguu Usiosema

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu Bhoke. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu umelala, na mimi nimepiga magoti kwenye sakafu ya zahanati, nafungua bandeji ya babu yako kwa mikono yangu. Tabibu alikuwa amekaa kitini anaandika.

"Dada, usinifundishe kazi," akasema.

"Sikufundishi. Nakuonyesha mguu. Hii ni mara ya tatu tunakuja na hujauona."

Akauona. Kalamu akaiweka chini.

Mimi si mzee. Nina wewe tu na cheti cha kidato cha nne. Lakini nasaha haingoji mvi, na hii nakuandikia sasa hasira ikiwa bado na moto, nisije nikailainisha baadaye.

Kosa la kwanza lilikuwa letu, si la tabibu. Babu yako ana kisukari miaka mingi. Siku moja alirudi kutoka kuchunga huku Nyanungu, akavua katambuga zake, tukakuta msumari umepenya tairi na kuingia mguuni. Ametembea nao tangu asubuhi. Akaung'oa kwa koleo, akacheka. "Nilisimama mbele ya kisu cha jando sikupepesa jicho. Msumari ndio nini?" Nyumba nzima tukamsifu. Mimi nilikuwa wa kwanza, nikampelekea uji nikiringa kwamba baba yangu ni mwanaume kweli. Kwetu Wakurya, anayeona maumivu akanyamaza ndiye mtu. Hatukujiuliza kama aliyaona.

Kidonda kikavimba, kikawa chekundu, kikawa cha moto ukikigusa. Tukaenda zahanati. Tabibu, kijana wa rika langu, akauliza, "Shikamoo mzee. Mguu unauma?"

"Marahaba. Hauumi."

"Wazee wa zamani ni chuma," tabibu akasema, akampa vidonge. Hakuinuka. Mara ya pili ikawa vilevile, swali lilelile, jibu lilelile. Mara ya tatu ndiyo nimekwisha kukusimulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwanangu, na anayefichiwa ana macho. Kwa nini hakuyatumia?

Akatuandikia rufaa, tukashuka mjini Tarime siku hiyohiyo. Hospitalini alitupokea daktari, mama mtu mzima asiye na haraka. Alimlaza babu yako, akamwambia, "Fumba macho, baba. Nitakugusa nyayo kwa uzi huu. Ukisikia, sema."

Uzi wenyewe kama wa kuvulia samaki. Babu yako alilala kimya, amejikaza, tayari kwa lolote. Baada ya muda akauliza, "Umeanza?"

"Nimemaliza, mzee."

Sijawahi kumwona babu yako na uso ule. Daktari akanigeukia mimi, wala hakunionea haya: "Mnamsifu kwa ujasiri. Huu mguu si jasiri, umekufa ganzi. Sukari imeua hisia. Kwa mgonjwa kama huyu, ukimuuliza kama anaumwa hujamuuliza kitu." Karipio lile lilinikaa, na nilistahili.

Kisha akafanya kazi. Alipima sukari. Akatafuta mapigo ya damu kwa vidole juu ya mguu. Akaosha kidonda, akaingiza kijiti cha chuma taratibu, na nikakisikia kikigonga mfupa. Akachukua kipande cha nyama kutoka ndani, si usaha wa juu, kipimwe ni wadudu gani. Picha ya mfupa ikapigwa. Nyama iliyooza ikakatwa, na dawa za mshipani zikaanza. Kidole kimoja kiliondoka. Mguu ulibaki. Leo anatembea nao, polepole, viatu vimefungwa kotekote, na kila asubuhi ananiita, "Mama, njoo ukague," ananinyooshea nyayo kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha. Mzee wa Kikurya. Namwonea fahari kuliko siku ile ya msumari.

Basi shika haya. Usipime uzima wa mtu kwa ukimya wake. Mwenye kisukari atazamwe miguu kila siku, katikati ya vidole pia, na asitembee peku. Ukiona wekundu, uvimbe, usaha au harufu, usingoje maumivu, huenda hayaji. Na ukidharauliwa mahali, usiishie kunung'unika jikoni, andika. Mungu akupe macho ya kuona na goti lisiloogopa sakafu, na babu yako aishi akuchezee siku ya harusi yako kwa miguu yote miwili.

Barua ya malalamiko juu ya zahanati niliiandika mwenyewe. Babu yako aliisikiliza yote, akasema, "Ongeza kwamba mimi nilijibu hauumi. Tusimwonee kijana wa watu." Nikaongeza. Akatia dole gumba. Nikaipeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nikasimama pale dirishani mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri. Inaishia hivi:

"Mgonjwa alijibu kwamba haumwi, na alisema kweli. Mtoa huduma alimwamini mara tatu bila kufungua bandeji. Siombi afukuzwe, naomba afundishwe. Naomba pia kila mwenye kisukari anayefika zahanati hiyo avuliwe viatu kwanza, ndipo aulizwe hali. Nasubiri majibu kwa maandishi. Ni mimi, binti wa mgonjwa."