Viazi Katika Mbaazi Zangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu tui. Bi Mkubwa wa nyumba niliyoajiriwa kupika, kule Likoni, aliniachia nazi mbili, mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kuchujia, akaenda kuswali adhuhuri. Kwetu Ganze nazi ilikuwa adimu, mboga tulipika kwa maji na chumvi tukashukuru. Nikakuna, nikakamua, nikapata tui zito jeupe, nikalibandika juu ya moto mkali na kugeuka kuchambua mchele. Niliporudi lilikuwa limekatika, mafuta yanaelea juu na maji yamebaki chini.

"Sidi!"

"Abee, Bi Mkubwa."

"Nani kakufunza kuanza na tui la kwanza?"

"Hakuna aliyenifunza, Bi Mkubwa."

"Hilo naliona. Njoo ukae hapa, tuanze upya."

Hakunigombeza tena. Alinifunza kwamba nazi hukamuliwa mara mbili. Tui la kwanza ni zito, la pili ni jepesi. Hilo jepesi ndilo linalopikia: wali hulinywa, mbaazi huivia humo. Zito hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, na mwiko usipumzike mpaka sufuria ianze kuchemka. Wali ukikauka, funika, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Nyie wenye majiko ya gesi hamna makaa ya kupalia, basi punguzeni moto kabisa na muache kufunuafunua. Hadi leo sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo.

Nilikaa kwa Bi Mkubwa miaka mingi, na humo ndimo nilimojifunza lile jambo ambalo limenivuruga akili hadi leo. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, nyumba nzima ilifunga isipokuwa mimi, maana mimi ni mtu wa kanisani. Kazi ya kupika futari iliniangukia tangu alasiri. Bi Mkubwa aliketi mlangoni na tasbihi yake, midomo imemkauka, ananitazama.

"Onja, Sidi. Wewe hukufunga."

"Naona haya, Bi Mkubwa."

"Haya ya nini? Mimi nimekupa ruhusa."

Nilishindwa. Kunyanyua mwiko mdomoni mbele ya mama mzima ambaye hajanywa hata maji tangu alfajiri, mkono ulikataa. Badala yake niliinamia sufuria, nikavuta ule mvuke puani. Nilitia chumvi, nikanusa. Mvuke ulinijia kama umejaa, nikasema moyoni, basi, imetosha. Walipofuturu, Bi Mkubwa alikula kijiko cha kwanza akasema, "Wallahi, chumvi imekaa mahali pake." Wageni walipokuja aliwaambia, "Mpishi wangu mimi haonji, ananusa." Niliposikia hivyo nilivimba kichwa. Ramadhani iliisha, Shawwal ikaingia, nami sikuonja tena. Nilikuwa nimepata sifa, na sikutaka kuipoteza.

Bi Mkubwa alipofariki nililia kama nimefiwa na mama yangu mzazi. Baada ya hapo nikapata kazi katika kantini moja ya wafanyakazi huko Kipevu. Kule hakukuwa na tasbihi wala mlango wa kukalia. Palikuwa na makuli na madereva wa malori wenye njaa, na bwana mmoja tuliyemwita Msimamizi, aliyepita jikoni kila siku kabla ya saa sita.

"Mama Sidi, umeonja?"

"Nimeonja, bwana."

Uongo. Nilikuwa nimenusa tu. Lakini maharagwe yalisifiwa, samaki walisifiwa, basi nani angeniuliza zaidi? Siri ya samaki ilikuwa ndogo mno: mkaushe kwa kitambaa, mpake ndimu na chumvi, mwache akae kidogo, kisha mafuta yawe moto kweli kabla hajaingia. Akiganda kwenye karai, usimpapure. Akiiva ataachia mwenyewe. Sima nayo haitaki huruma, yataka mkono. Na mtsunga, hii mboga yetu chungu, mwaga maji ya kwanza, lakini usimwage uchungu wote, maana bila uchungu si mtsunga tena.

Jikoni tulikuwa wawili, mimi na Mzee Mutua, mpishi kutoka Ukambani, mtu wa maneno machache na kisu kikali. Mimi nilisimamia mchuzi na mboga, yeye sima na chapati. Tulitaniana sana. Mimi nilimwita mtu wa bara asiyejua nazi, yeye aliniita Mama Pua.

Mwaka wangu wa mwisho pale nilishikwa na mafua makali, nikalala wiki mbili. Niliporudi kazini mwili ulikuwa na nguvu, lakini pua ilikuwa imekufa. Vitunguu vilikaangwa mbele yangu nisisikie kitu. Nilidhani itapita. Haikupita. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilijiuliza, mpishi anayenusa akikosa pua anabaki nani? Niliogopa, nasema kweli. Nilibakisha mwaka mmoja tu nistaafu, nami nilitaka kuondoka na jina langu zima.

Ndipo viazi vikaanza. Nafunua sufuria ya maharagwe ya nazi, nakuta vipande vya viazi ambavyo sikuvitia.

"Mutua, nani katia viazi kwenye mchuzi wangu?"

"Ni mimi. Watu wa kwetu wanapenda viazi."

"Kwenye maharagwe ya nazi?"

"Hata kwenye chai, ukiwaruhusu."

Nilicheka, nikaona ni ubara wake. Kesho yake viazi tena. Keshokutwa hakuna, mtondo vipo. Sikuelewa utaratibu wake. Watu walikula wakasifu kama zamani, nami nikasema, kumbe pua haina kazi, ni mkono unaojua. Siku ya kuniaga Msimamizi alisimama mbele ya wote akasema hajaona chumvi iliyopimwa vizuri kama ya Mama Sidi. Mutua alipiga makofi kuliko wote.

Sasa nimestaafu, niko Mtopanga nyumbani kwa mwanangu. Kila Jumamosi asubuhi napika mbaazi za kula na mahamri. Mbaazi huzirowesha tangu jana yake, nikazichemsha mpaka zilainike, nikatia tui la pili na chumvi, kitunguu, pilipili nzima isiyopasuliwa, na mwisho tui zito. Ndicho chakula nikipendacho kuliko vyote. Jumamosi moja nilichota nikakuta kiazi.

Nilikitazama kile kiazi muda mrefu. Mkaza mwanangu, Dama, ni Mgiriama kama mimi, kazaliwa Kaloleni, na kwao hakuna anayetia viazi katika mbaazi. Nikamwita.

"Dama, hiki ni nini?"

"Kiazi, mama."

"Nakiona. Kimetoka wapi?"

Aliangalia chini. "Nilidhani watoto watapenda."

Kisingizio kilekile cha Mutua! Nikampigia simu, maana amerudi kwao Ukambani. Hata sikumsalimu vizuri.

"Mutua, vile viazi vilikuwa vya nini?"

"Vilikuwa vya kunyonya chumvi, Mama Sidi. Ulianza kurudia. Unatia, unanusa, unatia tena. Siku nyingine mara tatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi? Wewe ndiye uliyekuwa Mama Pua."

Nilikaa kitandani na simu mkononi, na hadi sasa akili yangu haijatulia. Yale maharagwe yaliyosifiwa mwaka ule mzima, aliyapika nani? Ile hotuba ya Msimamizi ilikuwa yangu au ya Mutua? Na Dama ananiambia chumvi haina harufu, nikachukua kopo nikanusa, lakini pua hii itaniambia nini? Kama chumvi hainuki, basi miaka yote kwa Bi Mkubwa nilikuwa nanusa nini? Labda mkono ulijua tangu mwanzo na pua ilikuwa shahidi tu. Labda Bi Mkubwa naye alinisitiri, maana mtu aliyefunga kutwa kila kitu humwia kitamu. Siwezi kumwuliza. Nimeligeuza jambo hili kila upande na bado silielewi. Nimeona aibu, nimemkasirikia Mutua, kisha nimempenda zaidi ya nilivyompenda tulipokuwa kazini, yote katika siku moja.

Nyie mnaoanza leo, mkitaka kujua kazi hii imenifunza nini, nitawaambia mambo ya tui na samaki bila wasiwasi. Kuhusu mengine mimi mwenyewe nauliza.

Jumamosi iliyofuata Dama alisimama karibu nami jikoni, hajui aondoke au akae. Nilikwisha tia chumvi. Nikainama juu ya mvuke kwa mazoea, hakuna kilichokuja, na mkono ukaanza kwenda kwenye kopo tena. Dama akavuta pumzi. Nikaurudisha mkono. Nikachukua kijiko, nikachota mchuzi, nikaupuliza, nikautia mdomoni. Kazi yote niliyofanya tangu Ramadhani ile, na hiyo ndiyo mara ya kwanza naonja chakula kikiwa jikoni. Pua imekufa, lakini ulimi ulikuwepo muda wote, mzima, unangoja kuulizwa.

"Imezidi," nikasema.

Dama aliinama chini ya meza, akatoa bakuli la maji. Ndani yake mlikuwa na viazi viwili, vimekwisha menywa.

Machozi yalinitoka nikicheka. Nikamwambia avikate avitie vyote, kisha anipe kijiko nionje tena.