Altare Isiyo na Doa

Uvumi uliletwa na fundi cherehani wa mlango wa pili, pini zikiwa mdomoni kama kawaida yake. Alisema kikohozi cha Babu Tindo si kikohozi cha Mungu. Siku yalipofukuliwa makaburi ya wale wamisionari, ili mifupa yao ihamishiwe kwenye kituo kipya cha hija, si yeye aliyeinua kifuniko cha kwanza? Basi vumbi la marehemu limemwingia. Na wale hawakufa kwa homa, waliuawa, damu yao haijatulia. Sasa wanamvuta pumzi kidogo kidogo mpaka awafuate.

"Lisemwalo lipo, Mama Pacha," alimalizia. "Mtu anakohoa mpaka ukuta unaitika."

Mama Pacha alikuwa akimnyonyesha mtoto mmoja, mwingine amelala mgongoni. Huo ukuta unaoitika ulikuwa ukuta wa chumba chake.

Babu Tindo alikuwa mchonga mawe, na jina alipewa kwa sababu ya tindo, kile chuma cha kuchongea ambacho hakikubanduka kiunoni mwake, hata Jumapili kanisani, chini ya koti. Alikuwa mgane. Watoto wake walitawanyika mbali wakapotelea huko huko. Mama Pacha alipohamia chumba cha jirani akiwa mjamzito, mzee alimtazama tumbo akamwambia, mwanangu, humo mna wapangaji wawili, mwambie mwenye nyumba mapema. Ikawa kweli. Tangu hapo akawa babu wa nyumba. Watoto wakilia kwa pamoja, alibisha hodi, akachukua mmoja, akamlaza kifuani akimvumia wimbo wa kwaya mpaka mtoto anasinzia, nywele zake changa zimejaa unga mweupe wa mawe.

Habari za wamisionari alizisimulia kama mtu anayesimulia wajomba zake. Walikuwa watatu, mapadri wawili na bruda mmoja. Walikuja kwa miguu enzi za mababu, wakaanza kujenga kikanisa kilimani, wakauawa kabla hakijaezekwa. Bruda ndiye aliyekuwa fundi. Ukuta wake upo mpaka leo, umeishia kiunoni, na waliochora kituo kipya waliuacha ndani ili altare ikae mbele yake. Siku ya kwanza Babu Tindo alipoupapasa ukuta ule, alirudi nyumbani akamwambia Mama Pacha kwamba yule bruda alikuwa fundi kweli kweli, ila jiwe la mwisho alilipachika bila kulishindilia. Aliitwa katikati ya kazi.

"Kufa si kitu," mzee alisema. "Kibaya ni kuacha kazi nusu, watu wapite wakiitazama."

Altare ilitakiwa iwe ya mawe meupe, na mawe meupe yaliletwa kutoka mbali. Kila mchonga mawe anajua kwamba jiwe hukatwa kwa maji, maji hulaza vumbi. Lakini kisima cha kilima kile kinatoa maji mekundu. Jiwe la kwanza alilikata kwa maji hayo, na lilipokauka likawa na michirizi ya rangi ya chai. Kamati ya ujenzi ilikuja kulitazama. Wakatikisa vichwa. Wafiadini walimwaga damu safi, walisema, iweje altare yao iwe na madoa kama meza ya mgahawa? Palizungumzwa habari ya kuleta maji safi kwa lori, lakini barabara ya kilimani ilikuwa mbovu, na siku ya askofu kuja kuitabaruku altare ilikwisha pangwa. Babu Tindo mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Akasema, basi nitayakata makavu. Hakuna aliyemlazimisha.

Mwanzo alikatia nje. Upepo ukapeleka vumbi kwenye shule ya watoto wadogo ya masista, watoto wakapiga chafya darasa zima, masista wakaja na malalamiko. Babu Tindo akaomba radhi, akahamisha mawe yake ndani ya sakristia, chumba cha mapadri kuvalia ambacho kilikuwa hakijatiwa hata mlango. Akaziba madirisha kwa magunia, akatundika turubai mlangoni. Alirudi akicheka kwamba sasa na yeye ana ofisi.

Mama Pacha ndiye aliyekuwa akimfulia. Hapo alianza kuona. Maji ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa, ya pili vile vile, ya tatu bado. Alipomwaga, chini ya beseni palibaki tope jembamba, na asipowahi kulisugua liliganda likawa gumu, kisu hakikwangui. Akawaza, kama limeganda hivi kwenye beseni, huko alikolivutia limefanyaje?

Na mzee alikuwa ameanza kupumzika katikati ya ua, kati ya bomba na mlango wake, akijidai anatazama mawingu.

Zahanati walimtibu kifua kikuu miezi mingi na kifua kikuu chenyewe hawakukikuta. Mwishowe walimtuma hospitali kubwa, na Mama Pacha akamsindikiza, watoto akimwachia mumewe. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alibandika picha ya kifua kwenye taa. Pande zote mbili palikuwa na mawaa meupe. Alisema hilo ni vumbi la mawe, likishaingia halitoki, na dawa ya kulitoa hakuna. Kinachowezekana ni kukaa mbali nalo ili lisiongezeke. Mama Pacha aliuliza, na lililokwisha ingia? Daktari alizima ile taa. Alisema ni kuishi nalo, kadiri itakavyowezekana.

Njia nzima ya kurudi mzee alisimama kila penye ukuta, akaegemeza kiganja, akijifanya anakagua kazi ya watu. Huu umepinda, alisema. Huu walilewa. Mama Pacha alisimama naye kila mara, akaitikia, akageuza uso.

Jumapili iliyofuata alimngoja padri baada ya misa akamweleza yote. Padri alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomchosha Mama Pacha zaidi, kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Padri alisema hakujua. Siku hiyo hiyo alikwenda kumwamuru mzee asirudi kilimani, akamletea shuka na maziwa, akampaka mafuta ya wagonjwa. Kisha, kwa kuwa askofu hangojwi, alimtuma katekista kwa mume wa Mama Pacha, amwite kuimalizia altare.

Mume huyo alikuwa fundi rangi. Ndiye aliyepaka kuta za nje za kituo, na rangi ilipokwisha na kazi ikaisha. Tangu hapo alikuwa akishinda mlangoni akinyoa ndevu ambazo hazikuwapo, na jiko la Mama Pacha lilikuwa likipoa mapema. Kilimani alikuwa akimtazama Babu Tindo akichonga, akaazima nyundo, akafundishwa kidogo, na mkono wake ulikuwa mzuri. Katekista alipoondoka, alivaa shati safi ingawa hakuwa na pa kwenda. Akasema kazi imebisha hodi yenyewe.

Mama Pacha alimweleza maneno ya daktari. Mume akasema mzee ni mzee, na yeye atakaa humo wiki chache tu. Mama Pacha alimwekea beseni mbele yake, akamwambia akwangue. Mume alikwangua kwa ukucha, kisha kwa kijiko, kisha akaliweka chini. Mtoto mmoja alitambaa baina yao.

"Haya," mume alisema baadaye. "Ukisema nisiende siendi. Ila watu wakiuliza, nitawaambia mke wangu amekataa. Sitabeba aibu hiyo peke yangu."

"Waambie."

Akaenda kuwaambia. Habari zikaenea mtaani kabla hajarudi, na fundi cherehani, yule yule wa vumbi la marehemu, akaja kumsuta Mama Pacha. Alisema wenzako wanalilia kazi, wewe mume umemfungia kabatini usije ukachafuliwa shuka. Mama Pacha alicheka kidogo, maana ilibidi acheke. Jioni alipika uji mwepesi, akaugawa, wake akauacha bila kuunywa.

Kesho yake mchana Babu Tindo aligonga ukuta. Kuita kwa sauti alikuwa hawezi tena. Mama Pacha akaenda na uji, akijua atashukuriwa au atatumwa maji.

Mzee alikuwa ameketishwa kitandani, mgongo kwenye magunia yaliyokunjwa, kwani akilala chali pumzi ilikataa. Mabega yake yalipanda na kushuka kama ya mtu anayechota maji kisimani. Alimwonyesha kigoda. Akamwuliza habari za watoto. Akauliza kama ni kweli amemkataza baba pacha.

"Nimemkataza, babu."

"Umefanya vizuri. Mke... mke mwenye akili angefanya hivyo." Akapumzika. "Padri alikuja jana. Jiwe la mbele limebaki nusu. Lile la majina ya wale watatu. Anasema watalifunika kitambaa. Cheupe, kina nakshi. Amenionyesha."

Mama Pacha alimwambia si neno, mawe mengine yote yapo, watu wataona kazi yake.

"Wataona kitambaa."

Akakohoa. Mama Pacha alimshika mabega mpaka kikapita, akamfuta mdomo, akamnywesha vijiko viwili vya uji. Alipoona macho yake yametulia, aliuliza, kwa sauti ndogo, kama mtu akifungua yale magunia ya madirishani, akakata kwa maji ya kisimani, kidogo kidogo tu, haitawezekana?

Mzee alitikisa kichwa.

"Litaingia doa."

Mama Pacha alingoja mzaha, kwa kuwa mzee huyu hakuwahi kumaliza maneno bila mzaha. Haukuja. Upande wa pili wa ukuta mtoto alianza kulia, na wa pili akamfuatia, na sauti ya mumewe ikasikika ikiwabembeleza. Babu Tindo naye alisikiliza. Kisha akamshika mkono, vidole vyake vikavu kama gome.

"Ninachokuomba nakijua, mwanangu. Hakuna anayekijua kunishinda," alisema. "Mwachie mumeo aende akanimalizie lile jiwe. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia hatakubali bila neno lako."