Abautani ya Mama

Asubuhi hapa Nsemulwa, watoto wa shule wanapopiga kwata, mwalimu huita "Abautani!" na harufu ya vumbi inafika mpaka jikoni kwangu. Hapo chai inapoa mkononi. Nyie mnalijua neno hilo: unageuka papo hapo, na yule uliyekuwa unautazama mgongo wake, sasa anautazama wako. Ni la Kizungu, wanasema. Kwetu lililetwa na baba kutoka mafunzo ya mgambo, mama akalichukua akalitumia porini.

Tulikaa karibu na hifadhi, na njia ya kwenda kigangoni ilipita katikati ya miti. Sheria ya mama ilikuwa fupi: nikisema abautani mnageuka, hamuulizi, hamkimbii, hampitani.

Jumapili ya komunyo yangu ya kwanza nilivaa gauni jeupe aliloshona shangazi. Padri alikuja kwetu kwa nadra, kwa hiyo siku ile ilikuwa yangu. Nikataka nitangulie, watu walione gauni kwanza. Mama akakataa. Mbele ni pake, akasema, siku zote. Dada Anitha akanicheka kutoka nyuma: "Bibi harusi, tulia. Umande haujui komunyo." Mimi nikaona mama anapenda ukubwa tu.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani, mwanga kama maziwa yaliyotiwa maji. Tulitembea kama watu walio usingizini. Halafu ikaja harufu ya magome mabichi, yaliyobanduliwa muda si mrefu. Mama akasimama. Akasema taratibu, kama anayeomba chumvi:

"Abautani."

Tukageuka. Sasa dada mbele, mimi katikati, mama nyuma. Nilisikia kanga yake ikisugua majani, na nyuma yake tawi likivunjika. Siwezi kuapa kwamba walikuwa tembo, sikuangalia. Dada anasema aliwasikia wakipumua. Nadhani alikuwa mbali mno, lakini naye ana masikio yake.

Nililia njia nzima. Tulizunguka kwa barabara kubwa, tukakuta padri ameshaondoka. Aliporudi msimu mwingine, gauni lilinibana kwapani. Nilimnunia mama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusema.

Juzi, tukimenya mihogo, nikamuuliza: yeye ndiye aliyeijua hatari, mbona hakutupita akatangulia kurudi? Akaniangalia kama nimeuliza maji yanachemkaje.

"Ningewapita, mwanangu, nyuma angebaki nani?"

Nikaendelea kumenya. Sijasoma sana, labda wengine mngelielewa mapema. Miaka yote nilidhani mbele ni mahali pa mkubwa. Kumbe kila tulipotoka nyumbani, mama alikuwa ameshachagua pa kusimama siku tutakayogeuka.

Siku hizi nikitoka na wanangu kwenda shambani, mbele ni pangu. Wananung'unika. Nawaacha wanung'unike.